Nilivyomwosha Kipepeo wa Wakwe

Mlioniacha wiki iliyopita nikitabasamu, poleni sana. Mlipaswa kunijua. Mimi nikitabasamu, ujue mahali fulani kuna kitu kinaungua.

Kuna msomaji aliniandikia kwamba haya mambo nayatunga. Ndugu yangu, ningekuwa natunga si ningejitungia maisha mazuri?

Kwa waliopitwa, naeleza haraka kabla aibu haijanizidi. Nilifukuzwa kiwanda cha kadi baada ya kuchapa kadi za harusi ya bibi mmoja na jina la mume aliyemwacha. Mjomba akanipokea kwenye karakana yake ya fremu na picha za kale, kwa huruma ambayo hunikumbusha kila asubuhi. Hapo karakana akaja muuguzi wa meno, ameleta cheti chake kiwekwe kwenye kioo. Nikakiweka kimepinda. Akarudi kulalamika. Nikakinyoosha, kikapinda upande wa pili. Akarudi tena, na malalamiko yalipokwisha tulikuwa wachumba.

Posa ya kwanza kwao ilivunjika siku niliyommwagia baba yake mkubwa chai ya moto mapajani. Ya pili wameipokea, na Jumamosi hii ndiyo ya kujibiwa. Sasa katikati ya kusubiri, mama mkwe mtarajiwa akanikabidhi picha ya ukoo wao niibadilishie fremu, itundikwe sebuleni siku hiyo ya jibu.

Hapo ndipo nilipotabasamu.

Mama mkwe ni mwalimu mkuu mstaafu. Alistaafu shule, lakini ualimu mkuu hakuuacha. Aliileta picha mwenyewe, imefungwa kwenye shuka kama mtoto mchanga.

"Fremu imeliwa na wadudu," akasema. "Badilisha fremu. Picha usiiguse."

"Sawa, Mama."

"Nimesema nini?"

"Nisiiguse."

"Nini?"

"Nisiiguse picha, Mama."

Naomba wasomaji waweke kumbukumbu. Sikuigusa.

Ilikuwa picha ya kipepeo, ya kale kweli, ya zile enzi za kuchonga mchoro kwenye sahani ya shaba, kuuchapa kwa wino kwenye karatasi nene, halafu watu wakaketi na brashi kuipaka kila nakala rangi kwa mkono. Mjomba huziabudu picha za namna hii. Akipata moja hunawa mikono vizuri kuliko anavyonawa kabla ya kula.

Kipepeo mwenyewe alikuwa mweusi tii, mbawa zote, amekaa juu ya jani lililojaa vumbi, na pembeni ya jani kuna kiwavi aliyenona.

Nikafungua ile fremu mbovu. Ndani yake kulikuwa na kadibodi ya kuizungushia picha, na kadibodi ilikuwa imefunika ncha ya bawa moja. Nilipoinua kadibodi, ncha ile ilikuwa nyeupe pe.

Mtu mwenye akili angerudisha kadibodi, akafunga fremu, akaenda zake kunywa chai. Mimi nikaanza kufikiri.

Ugonjwa ule niliujua, Mjomba alinifundisha. Rangi nyeupe ya zamani ilitengenezwa kwa madini ya risasi. Ikikaa miaka mingi kwenye sebule yenye moshi wa taa na moshi wa jiko, inageuka nyeusi. Kipepeo yule hakuwa mweusi. Alikuwa mweupe aliyeugua.

Na tiba ipo. Unachukua kipande cha jipsamu, ile ya dari. Unakilowesha ile dawa ya kusafishia vidonda, inayotoa povu. Unakining'iniza juu ya picha, karibu kabisa, lakini visigusane. Mvuke unashuka wenyewe na weupe unarudi.

Visigusane. Nadhani mmenielewa. Mama mkwe alikataza kugusa. Mvuke hakuutaja.

Kwa nini nilifanya hivyo? Nitasema ukweli, maana ndicho mnachonunulia gazeti. Kiherehere. Akilini nilimwona Mama akiifunua picha Jumamosi, kipepeo anang'aa, machozi yanamtoka, na baba mkubwa anasahau mapaja yake na kusema mchukue binti leo leo. Nilijiona mkwe wa kupigiwa mfano.

Kesho yake nilipoondoa jipsamu, kipepeo alikuwa mweupe kama shuka jipya, na vidoa viwili vyeusi tu kwenye bawa, vya kuzaliwa navyo. Nikapuliza vumbi kwenye jani. Likatokea jani pana, la kijani, lenye mishipa minene.

Nikatabasamu. Wiki iliyopita mkaniacha hapo.

* * *

Mchumba wangu akaingia na chupa ya chai.

"Mama amenituma nimwangalie kipepeo wetu," akasema. "Yuko wapi?"

"Huyu hapa."

Akamtazama. "Huyo wa nani?"

"Wenu."

"Acha utani, Fundi. Wetu mweusi."

"Alikuwa anaumwa," nikamwambia, na kifua nimekitanua. "Nimemtibu."

Akaiweka chupa ya chai chini polepole sana, kama anavyoweka koleo la meno pale mgonjwa anapozimia kitini.

"Umefanya nini?"

Nikamweleza. Risasi, moshi, jipsamu, povu. Nilieleza vizuri, kwa mifano. Nilipofika kwenye mvuke alikuwa amejishika kichwa.

"Hujui habari ya kipepeo huyu?"

"Hujawahi kuniambia."

"Ningekuambiaje? Nilidhani kila mtu anajua!"

Ndipo akanisimulia. Babu wa babu yao alikuwa msaidizi wa mtaalamu mmoja wa wadudu. Siku moja, mtaalamu amelala, babu akamnasa kwa kofia yake kipepeo mweusi ambaye dunia haijawahi kumwona, wala haijamwona tena. Mtaalamu akamchora, akamchapa, nakala moja akampa babu. Tangu hapo ukoo mzima unajiita Watu wa Kipepeo Mweusi. Wakigombana, wanapatanishwa mbele ya picha. Mtoto akizaliwa, anaonyeshwa picha kabla hajaonyeshwa shangazi zake.

"Geti letu lina nini?" akaniuliza.

"Kipepeo mweusi," nikakiri. "Nilidhani urembo. Chuma cha geti nani anakipaka nyeupe?"

"Na vikombe?"

"Niliona."

"Na tai ya kaka?"

"Niliona. Nilidhani ni zawadi mbaya."

"Na kaburi la baba?"

Kaburini sikuwahi kufika.

"Limechongwa kipepeo," akasema, na sauti yake ikapungua. "Baba aliomba picha hii iletwe kitandani. Alikata roho anaitazama."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini sakafu ya karakana ni saruji. Nilimpenda sana saa ile, na niliona wazi kwamba nimempoteza kwa chupa ya dawa ya vidonda.

Mjomba akatoka kwenye meza ya kukatia vioo, akaja akainama juu ya picha na lenzi yake.

"Umemwogesha," akasema.

"Nimemtibu, Mjomba."

"Umewaogeshea watu babu yao." Akasogeza lenzi. "Lakini kazi safi."

"Mjomba!"

"Nasema kazi safi. Ukinyongwa, unyongwe na sifa zako." Akazidi kuinama. "Halafu huyu namjua. Hili jani ni kabichi. Huyu ni kipepeo wa kabichi. Yuko kila bustani, wakulima wanampulizia sumu."

Mchumba wangu akaketi juu ya rundo la mbao.

"Yaani babu wa babu alinasa..."

"Mdudu wa shambani," Mjomba akamalizia, kwa upole mkubwa. "Kwa kofia."

Nje wapita njia walikuwa wanacheka, watu wasio na wakwe.

Mchumba wangu ndiye aliyesimama kwanza. "Mpake mweusi."

"Nini?"

"Mpake. Ulivyokuwa unamwona jana, mrudishe hivyohivyo."

Sasa sijui siku zote dhamiri yangu huwa imelala wapi, lakini siku hiyo iliamua kuamka. "Huo ni uongo," nikasema. "Hii picha ni ya kale. Kuipaka wino ni kuiua."

"Umeanza lini kuogopa kuua vitu? Sikiliza. Mama ana presha. Baba mkubwa ndiye atakayejibu posa, na atajibu amesimama chini ya picha hii. Wakimwona huyu mla kabichi, wewe hutaulizwa hata jina. Na Mama ataanguka. Kipepeo huyu ndicho kitu pekee cha baba alichobaki nacho." Akanikazia macho. "Unanitaka, hunitaki?"

"Nakutaka."

"Basi shika brashi."

Nikashika brashi. Mjomba akachanganya wino mweusi bila kusema neno, ila nilimwona akitingisha kichwa kama anayetengeneza dawa ya mgonjwa asiyepona.

Nikaanza na bawa la kushoto. Nataka mjue kwamba kumrudishia kipepeo haki yake kulinichukua jioni na asubuhi. Kumrudishia uongo, bawa zima lilikwisha kabla chai haijapoa.

Nilikuwa nachovya brashi kwa ajili ya bawa la kulia gari lilipofunga breki nje.

Mchumba wangu akachungulia. "Mama," akasema. "Na kaka."

* * *

Mjomba akanyakua kitambaa afunike picha.

"Usifunike! Wino mbichi!"

Akatupa kitambaa, akachukua boksi la misumari, akamwaga misumari yote sakafuni, akalifunika juu ya picha kama mtego wa panya. Tukajipanga mbele ya meza, watatu, tumesimama wima.

Mama akaingia. Nyuma yake kaka wa mchumba wangu, wakili, mwenye ile tai, simu sikioni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Picha iko wapi?"

"Inapumzika," akasema Mjomba.

"Inapumzika?"

"Picha za kale huchoka zikitolewa kwenye fremu, mama yangu. Zinataka giza kidogo."

Mama akamtazama Mjomba, akaitazama misumari sakafuni, akanitazama mimi na kidole changu cheusi.

"Nimesomesha watoto maisha yangu yote," akasema. "Mtoto ambaye hajafanya kazi ya nyumbani namjua anavyosimama."

Wakili akaziba simu kwa kiganja. "Mama, huyu ni baba mkubwa. Ana maneno mengi. Nitakuwa garini." Akatoka.

"Na ninyi wawili kaeni mbele huko," Mama akawaambia Mjomba na mchumba wangu. "Wewe, baki."

Wakatoka. Chumba cha nyuma cha karakana yetu, tulimokuwa, kimetengwa na cha mbele kwa ubao mwembamba, na mlango wake nao ni ubao. Mama akaufunga. Akaja mezani, akainua boksi.

Pale mezani kulikuwa na kipepeo ambaye kweli dunia haijawahi kumwona. Bawa la kushoto jeusi linang'aa kwa unyevu, bawa la kulia jeupe. Amekalia kabichi.

Nilingoja aanguke. Nilishapanga nimdake vipi bila kumpaka wino.

Hakuanguka. Akavuta kigoda, akaketi.

"Nani mwingine ameona?"

"Mjomba. Na binti yako."

"Mwanangu wa kiume?"

"Bado, Mama."

"Nilikwambia usiiguse."

"Sikuigusa, Mama, ni mvuke tu ndio..."

"Nyamaza." Akainama kidogo. "Bawa hili jeusi umelipaka leo."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo dawa yako ilimgeuza mweupe mzima."

"Mama, huyu alikuwa mweupe tangu mwanzo. Ule weusi ni rangi ya risasi, ikikaa kwenye moshi..."

"Najua," akasema.

Nikafikiri sikusikia vizuri.

"Najua alikuwa mweupe. Nimejua tangu nikiwa bibi harusi." Alikuwa anaongea na picha, si na mimi. "Nilikuwa nafuta vumbi, nikaiangusha. Kioo kikavunjika, kadibodi ikasogea. Nikaona ncha nyeupe, na jani nikalijua ni la kabichi. Nikakimbilia kwa fundi, akaweka kioo kingine, nikairudisha ukutani mume wangu hajatoka kazini. Nikaingoja jioni ili nimwambie."

"Ukamwambia?"

"Jioni hiyo alikuja na wenzake wa kazini. Akawasimamisha chini ya picha, akawahadithia habari ya kofia. Hujawahi kumwona mwanaume akifurahi vile. Ningemwambia nini? Kwamba babu yake alinasa mdudu wa kabichi?"

Akatoa leso, akaishika tu bila kujifuta.

"Nikasema nitamwambia kesho. Ikawa kesho, na kesho. Watoto wakazaliwa, wakaonyeshwa. Akaugua. Akaomba apelekewe. Nikampelekea, nikaishika picha mwenyewe, na yeye anatazama na kutabasamu, na mimi najua. Unajua uzito wa kujua kitu peke yako?"

Sikujua. Mimi mambo yangu yote huyajua mtaa mzima kabla sijayajua mwenyewe. Lakini nilimhurumia mwanamke yule.

"Sasa Mama," nikauliza, "kama ulijua, kwa nini uliniletea mimi?"

"Shemeji yangu, huyo baba mkubwa wao, aliona wadudu kwenye fremu, akasema haiwezi kutundikwa hivyo Jumamosi. Ilibidi ifunguliwe na mtu." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Binti yangu ana cheti kimepinda ukutani. Kila nikikiona nasema, fundi huyu haoni kitu. Nikasema basi, huyu ndiye."

Nimewahi kutukanwa. Nimewahi kuaminiwa, mara chache. Vyote viwili kwa pumzi moja ilikuwa mara yangu ya kwanza.

"Ningejua una macho, ningeipeleka kwa mwingine," akasema. Akasimama, akanisogezea kikopo cha wino. "Malizia bawa la pili."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi shemeji yangu atasema ninalomwambia aseme. Utakuwa mkwe wangu. Utakuwa unajua, na mimi nitakuwa na mtu wa kujua naye."

Haya, niambieni ninyi wenye busara zenu. Posa yangu ile pale, imepakuliwa, inafuka moshi. Kazi yenyewe ya dakika chache. Bibi wa watu anafarijika, baba mkubwa anasimulia habari ya kofia, mimi naoa. Anayeumia nani? Kipepeo alikufa zamani.

Nikachovya brashi.

Mlango wa ubao ukafunguliwa. Mchumba wangu alikuwa amesimama pale, macho mekundu, na nyuma yake Mjomba anajifanya kuokota misumari.

"Ulijua," akamwambia mama yake.

"Mwanangu..."

"Nikiwa darasa la nne nilipigana na mtoto wa jirani. Alisema kipepeo mweusi hivyo hayupo, tunajitungia. Nikamng'oa jino. Ukanichapa mbele ya shule nzima kwa kupigana. Hukuniambia kwamba mwenzangu alisema kweli."

"Nilikuwa namlinda baba yako."

"Baba hayupo, Mama." Sauti ikamkatika. "Mimi hapa tangu asubuhi namlazimisha huyu apake wino ili nikulinde wewe usianguke. Kumbe wewe unalinda nini? Sote tumesimama tunalinda ukuta!"

Mama akainua mikono, asijue aiweke wapi.

Mchumba wangu akanigeukia. "Na wewe. Ukilipaka bawa hilo, Jumamosi usijisumbue kuja."

"Asipolipaka," akasema Mama, taratibu, "hakuna Jumamosi."

Nikabaki na brashi hewani. Asubuhi mwanamke huyu aliniambia kama namtaka nipake. Sasa ananiambia kama namtaka nisipake. Na mama yake naye vilevile, kinyume chake. Mapenzi ni kitu kizuri sana, nawashauri nyote.

"Wino unakauka," Mjomba akatukumbusha kutoka sakafuni. Hakuna aliyemuuliza.

Nikalitazama bawa jeupe. Nilitaka kulia, nasema bila kuona haya. Kwa kawaida mimi nikishindwa kuamua huwa namsikiliza aliye karibu na mlango. Lakini wote wawili walikuwa karibu na mlango.

Nikaitia brashi kwenye kopo la maji. Maji yakawa meusi.

"Mama," nikasema, "bawa la kwanza nililipaka nikidhani naficha kosa langu. Hili la pili kosa si langu. Nisamehe. Siwezi."

"Unajua unachokikataa?"

"Nakijua, Mama. Kimesimama pale kinalia."

Hakuna aliyecheka. Hata mimi sikusema ili wacheke.

Mlango wa mbele ukafunguka ukagonga ukuta. Wakili akaingia kwa hatua za mtu mwenye habari njema, simu mkononi.

"Baba mkubwa anasema ukoo wote umekubali, anataka tu kujua kama babu ametoka vizu..."

Akaiona meza.

Alimtazama kipepeo muda mrefu. Uso ukambadilika polepole, halafu wote kwa pamoja.

"Nani amemfanyia babu hivi?"

Wote wakanitazama mimi. Siwalaumu, ni mazoea. Hata mimi nilijitazama. Nikafungua mdomo nikiri, maana kukiri ndiyo kazi pekee ambayo sijawahi kufukuzwa.

"Nyamaza wewe," Mama akanikata.

Akajinyoosha nguo, akasimama vile alivyokuwa akisimama mbele ya gwaride la shule.

"Ni mimi," akasema.

"Mama?"

"Huyu fundi alimsafisha tu. Mimi ndiye niliyewaacha mkiamini ni mweusi, na nilijua. Nilijua kabla hujazaliwa."

Wakili akacheka kicheko kifupi, kile cha mahakamani, akingoja mtu amwambie ni mzaha. Akamtazama dada yake. Dada yake akatazama chini.

"Jumamosi waje wote," Mama akaendelea. "Hata wale tusiozungumza nao. Picha itatundikwa hivihivi ilivyo, bawa hili na bawa hili. Nitasimama chini yake, nitasema."

"Utawaambia nini? Mama, kaburi la baba lina..."

"Najua lina nini. Mimi ndiye niliyechagua jiwe."

Mjomba akaacha kuokota misumari.

"Na posa, mama yangu?" akauliza kwa niaba yangu.

Mama hakunitazama. Alikuwa anamtazama binti yake, na binti yake naye akainua uso.

"Posa itajibiwa na watakaokuwa bado wamekaa nikishamaliza kusema," akasema. "Kama watakuwepo."

Ndipo tukaisikia ile simu. Ilikuwa bado haijakatwa. Sauti ya baba mkubwa ilitoka kwenye kiganja cha wakili, nene, yenye furaha, haijashika hata neno moja la yaliyosemwa.

"Haloo? Mbona mmenyamaza? Nauliza, babu ametoka vizuri?"

Wakili akamtazama mama yake. Mama akageukia dirisha. Wakili akamtazama dada yake, naye akatikisa kichwa.

Akanyoosha mkono, akaniwekea simu sikioni mimi.